HUMUSI YA DENGU KWA CHAKULA CHA MCHANA



Mhariri ameniomba niandike habari za somo tulilofanya jikoni muhula huu pamoja na wanafunzi wa Kidato cha Pili, kwa sababu wazazi kadhaa wamekuja shuleni kuuliza kwa nini watoto wao siku hizi wataka dengu, ndimu na kinu. Naandika kwa furaha. Ila kwanza nieleze haja iliyotufikisha huko, maana somo lenyewe halikutoka katika kitabu cha mapishi.

Tulikuwa katika kipindi cha Biolojia, tukiandika orodha ya vyakula vya kujenga mwili. Nyama, samaki, mayai, maziwa. Ubao ulikuwa umejaa. Kijana mmoja akainua mkono, akasema, "Mwalimu, hivyo vyote tumekwisha kuviandika tangu shule ya msingi. Mama yangu huuza samaki pale Deep Sea. Hutoka kabla ya adhana ya alfajiri, na kurudi kwake ni magharibi. Mimi nifikapo nyumbani saa nane na nusu, naikuta chai ya asubuhi katika chupa na kipande cha mkate. Sasa nile nini katika hivyo ulivyoandika?"

Darasa halikucheka. Nilipouliza ni nani mwingine aliye katika hali hiyo, mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kuliko nilivyotazamia, ya wavulana na ya wasichana. Nikafuta ubao.

Tukakubaliana kwamba chakula tukitafutacho lazima kijenge mwili pasipo nyama. Vitu vyake vyote vipatikane Ngamiani bila kwenda duka la makopo. Kisihitaji moto mkubwa mchana, kwa kuwa mkaa ni ghali. Na mtoto aweze kukimaliza mwenyewe kwa robo saa akiwa na njaa yake. Wengine walitaja mayai, wengine mbaazi. Mwisho tukachagua dengu zilizopondwa pamoja na ufuta na ndimu, chakula kiitwacho humusi.

Jina hili lilileta ubishi kidogo. Humusi ni chakula cha watu wa Sham, yaani Syria, Lebanoni, Palestina na nchi jirani zao, na siku hizi huliwa pia katika nchi za Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wenye asili ya pwani hii wamekwisha kuizoea. Kwa Kiarabu jina hilo maana yake ni dengu tu, si zaidi. Lakini wanafunzi wa dini waliniambia kwamba humusi ni sehemu moja ya tano, na wale wa Kilimo wakasema ni udongo mweusi wa majani yaliyooza. Wote wana haki. Lile neno la sehemu ya tano huandikwa kwa kha katika Kiarabu, na hili la dengu kwa ha, kwa hiyo ni maneno mawili mbalimbali. Na lile la udongo ni la Kilatini, nasi tunalo letu zuri la mboji.

Yafaa pia tuelewane juu ya dengu zenyewe. Ukimwambia mtu wa Nairobi akuletee "ndengu", atakuletea choroko. Dengu ninazosema mimi ni zile za rangi ya kahawia, ndogo, zenye ncha kama mdomo wa kifaranga. Ndizo ambazo unga wake hufanyiwa bajia. Hazitoki Tanga. Nyingi hulimwa Shinyanga, Simiyu na Mwanza katika udongo mweusi wa mbuga. Mkulima hupanda mvua zikaribiapo kwisha, na mmea hukua kwa unyevu uliobaki ardhini, wakati mashamba mengine yamekauka. Sehemu kubwa ya mavuno husafirishwa India. Ziko dengu nyingine, kubwa na nyeupe, ambazo huonekana katika makopo. Ngozi yake ni nyembamba na huiva upesi, lakini bei yake ni ya wageni wa hoteli. Sisemi kwamba chakula cha kopo ni sumu. Nasema tu kwamba kwa bei ya kopo moja la humusi, nyumba yenye watoto watano yaweza kula siku kadhaa kwa dengu za sokoni. Hizi za kwetu zina ngozi nene, na ngozi hiyo ndiyo kazi kubwa ya mpishi.

Nilikwenda kuzinunua soko la Mgandini, kwa bibi mmoja auzaye nafaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wataka za bajia?"

"La, bibi, nataka nzima, za kuchemsha. Hizi ni za mwaka huu?"

"Nikikwambia za mwaka huu utaniamini? Zitie kiganjani uzitazame. Iliyozeeka huwa nyeusi, haina nuru, na mkaa wako utakwisha kabla haijaiva."

Maneno yale nimeyaandika katika daftari la somo, maana ni kweli tupu. Mbegu za jamii ya kunde zikikaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu, kama hapa pwani, hubadilika ndani kwa ndani, hata ukizichemsha kutwa hazilainiki. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kununua gunia la dengu na kuliweka stoo mwaka mzima kwa kudhani anapunguza gharama. Nunua za mwezi mmoja. Zitazame kama zina vitundu vya fukusi. Zitie majini, na zile zinazoelea uzitupe.

Kwa watu wanne au watano twaa kikombe kimoja cha dengu kavu, yaani gramu 200 hivi. Zichague mawe, zioshe, kisha uziloweke usiku katika maji mara tatu ya kimo chake. Asubuhi utaona zimevimba na uzito wake umekuwa karibu mara mbili. Mwaga maji hayo. Yamechukua baadhi ya zile sukari ziletazo gesi tumboni, na hapana faida ya kuyanywa.

Sasa nakuja kwenye jambo la maji, ambalo watu wengi hawalifikirii. Nchi yetu hii, sehemu nyingi imekaa juu ya mawe ya chokaa, kama ajuavyo kila mtu aliyetembelea mapango ya Amboni. Wanaotumia maji ya visima vya mawe hayo waangalie. Maji yenye chokaa nyingi huzifanya dengu zikaze, kwa sababu chokaa hushikamana na ile gundi ya asili iliyoko kati ya chembe za mbegu na kuiimarisha. Magadi hufanya kinyume chake. Mama zetu wa pwani wamejua tangu zamani kutia magadi katika kunde. Magadi ya soda ya dukani, yale yatumiwayo kwa keki, hufanya kazi hiyo hiyo. Robo ya kijiko cha chai yatosha. Ikizidi, dengu hunuka sabuni na sehemu ya vitamini B1 huharibika. Ndimu nayo, kama chokaa, hukaza. Kwa hiyo isiingie sufuriani kabisa mpaka dengu ziwe zimekwisha kuiva.

Wanafunzi walijaribu jambo hili kwa sufuria tatu juu ya meko matatu: la kwanza lilikuwa na dengu zisizolowekwa, la pili zilizolowekwa, la tatu zilizolowekwa na kutiwa magadi kidogo. Yale ya tatu yalikuwa yakipondeka kwa vidole kabla ya saa moja kutimia. Ya pili yalifuata baadaye. Sufuria la kwanza lilipoondolewa jikoni, kengele ikilia, dengu zake zilikuwa bado zaruka juu ya sahani kama gololi, na kijana aliyekuwa akililinda alidai alipwe mkaa wake. Mwanafunzi mmoja, ambaye kwao ni Lushoto, aliuliza kwa nini bibi yake huchemsha maharage muda mrefu kuliko watu wa Tanga. Swali zuri. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na huko maji huchemka yafikapo nyuzi 95 hivi za Selsiasi, si 100. Moto wazidi kuwaka, lakini maji hayapati joto zaidi.

Lakini yule kijana wa Deep Sea alikuwa hajapata jibu lake. Nani atakaa nyumbani kulinda sufuria? Hapa ndipo tulipotengeneza kikapu cha kupikia, ambacho wengine hukiita jikokapu. Si kitu kipya. Kilifundishwa katika madarasa ya upishi zamani, kikasahauliwa, na sasa chafundishwa tena kwa ajili ya kuokoa kuni. Twaa kikapu kikubwa cha ukindu. Ndani yake weka mto mnene wa sufi chini na wa kuzunguka pande zote, ukiacha shimo la kadiri ya sufuria, kisha ushone mto mwingine wa kufunika juu. Misufi tunayo hapa hapa, na godoro kuukuu la sufi latosha vikapu viwili. Asiye na sufi atumie majani makavu au vitambaa vikuukuu.

Asubuhi, moto wa chai ukiwa bado upo, dengu zilizolowekwa huchemshwa kwa nguvu dakika 20 au 25 katika sufuria lililojaa maji karibu na ukingo. Maji yawe mengi makusudi, maana maji mengi ndiyo yatunzayo joto. Funika, ondoa jikoni, pangusa chini ya sufuria pasiwe na kaa hata moja, kwa sababu sufi hushika moto upesi kama petroli. Liingize kikapuni likiwa bado lachemka, funika kwa mto, na usifunue mpaka urudi. Dengu huendelea kuiva polepole kwa joto lile lile, bila mkaa na bila mlinzi. Sisi tuliliweka saa moja asubuhi tukalifungua saa nane mchana. Dengu zilikuwa laini, na kipimajoto kilisimama juu ya nyuzi 60.

Nyuzi 60 hizo msizichukulie kuwa jambo dogo. Chini ya hapo vijidudu huanza kuzaana. Ukifunua sufuria na mvuke hautoki, nalo ni vuguvugu tu, basi mto wako ni mwembamba au sufuria halikujaa. Mwaga dengu hizo. Najua kumwaga chakula kwauma. Lakini ziko sumu za vijidudu ambazo hata ukichemsha tena hazifi, na kuharisha kwa mtoto kwauma zaidi. Wenye friji nyumbani hawana haja ya kikapu: wachemshe jioni, dengu zipoe kidogo, waziweke ndani ya friji usiku huo huo. Na wenye kikapu wasije wakafanya vivi hivi kwa maharage mekundu. Hayo yana sumu yao wenyewe, nayo haiondoki mpaka yachemke kwa nguvu dakika 10 zisizopungua. Joto la kikapu peke yake haliwezi kuiondoa.

Ufuta ni rahisi zaidi, na huu ni wetu. Hulimwa Handeni na Kilindi katika mkoa wetu, ingawa mwingi zaidi hutoka Lindi na Mtwara. Kila mtoto wa pwani aujua katika kashata na juu ya mikate ya ufuta wakati wa Ramadhani. Twaa nusu kikombe cha ufuta safi, pepeta, uoshe mchanga, uanike mpaka ukauke. Utie katika kikaango kikavu juu ya moto mdogo na ukoroge bila kuacha. Uanzapo kualika na kunukia, na rangi ikibadilika kidogo tu, uondoe. Ukingoja mpaka uwe wa kahawia nyeusi, utakuwa mchungu na hakuna sukari itakayouponya. Kisha utwange ungali moto. Mwanzo utakuwa kama unga, baadaye utashikana, na mwisho mafuta yake yatatoka nao uwe rojo zito. Ukikataa kulainika, ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya ufuta, au ya alizeti. Kazi hii hufanywa siku ya Jumamosi mara moja. Rojo likitiwa katika chupa kavu yenye kifuniko hukaa wiki kadhaa, ili mradi pasiingie kijiko chenye maji.

Basi mwanafunzi amerudi. Amenawa mikono kwa sabuni, jambo ambalo laonekana dogo lakini ndilo la kwanza. Hutwanga punje mbili za kitunguu saumu pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, na kukamulia ndimu mbili juu yake. Huacha hapo dakika chache, kwa kuwa ukali wa ndimu huupunguza ukali wa saumu. Wakati huo huchota dengu, huweka kando kikombe kimoja cha maji yake, na kuzisugua dengu kati ya viganja ndani ya maji safi yaliyochemshwa, ngozi zielee aziondoe. Si lazima ziishe zote. Mimi huondoa nusu, kisha uvivu hunishika. Humusi huwa na chenga kidogo na ladha haipungui.

Rojo la ufuta, vijiko vinne vya mezani, huingia katika saumu na ndimu. Hapa wanafunzi wengi huogopa, kwa sababu rojo lililokuwa laini hukakamaa ghafula kama udongo wa kufinyangia. Msiogope. Ongezeni maji ya dengu kijiko kimoja kimoja huku mkikoroga, nalo litalainika tena na kuwa jeupe. Ndipo dengu hutiwa kidogo kidogo na kupondwa, na maji yake kuongezwa mpaka humusi iwe kama uji mzito wa kushikika kwa mkate. Onja chumvi. Apendaye atie bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, au pilipili mbuzi. Mwenye blenda atatumia dakika tatu. Mwenye kinu atatumia kumi. Katika kuonja, darasa zima lilichagua ile ya kinu, ila nashuku ni kwa sababu waliitwanga wao.

Sasa iliweje? Iliyopendwa sana ilikuwa chapati iliyopakwa humusi, ikajazwa kabichi na karoti za Lushoto zilizooshwa vizuri na kukatwa nyembamba, ikaviringishwa. Muhogo wa kuchemsha nao waenda vizuri sana, kwa kuwa muhogo una nguvu nyingi lakini protini yake ni haba. Humusi huja na ile iliyokosekana. Mkate wa boflo, nyanya na tango ni chakula cha kutosha. Palipo na kipande cha samaki wa kuchoma aliyebaki salama katika friji, apashwe moto na kuwekwa kando. Kwa wali sikuona faida. Humusi na wali ni kama watu wawili walio wanene katika kiti kimoja.

Niwaeleze sasa kwa nini nasema chakula hiki chajenga mwili, wala si maneno matupu. Gramu 100 za dengu kavu zina karibu gramu 20 za protini, yapata mara mbili ya unga wa ngano. Protini hujengwa kwa asidi amino. Dengu zina laisini nyingi lakini methionini yake ni kidogo. Ufuta una methionini ya kutosha na laisini kidogo. Ngano nayo ina upungufu wa laisini. Kwa hiyo zikiliwa pamoja kila moja hujaza pengo la mwenziwe. Pia dengu zina madini ya chuma, ambayo mwili hutengenezea damu. Wasichana walisome hili mara mbili, kwa sababu msichana aliyekwisha kubaleghe hupoteza chuma kila mwezi na huhitaji kingi kuliko mvulana wa umri wake. Chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida, lakini vitamini C huisaidia kazi hiyo. Ndimu yenyewe inayo, na nyanya na kabichi mbichi zaongeza. Chai hufanya kinyume: huishika chuma isipite. Sisi watu wa pwani hatuli kitu bila kikombe cha chai kando. Sikatazi chai. Nasema ingoje saa moja, na pamoja na chakula mtu anywe maji au achukue chungwa la Muheza.

Baba mmoja alikuja kuniona, mtu mzima wa heshima, akaniambia, "Mwalimu, kijana wangu nimemleta asome, naona mwamfundisha kutwanga."

Nikamwambia, "Mzee wangu, kutwanga kwenyewe ni dakika kumi. Akikaa na njaa kutoka saa tisa mpaka magharibi, hesabu za jioni hazifanyi. Na dada yake aliye darasa la nne, nani ampe chakula?"

Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, akatwange. Lakini aniwekee na mimi nionje." Juma lililofuata kijana aliniletea salamu kwamba baba ameonja, na kwamba pilipili haikutosha.

Limebaki jambo la kuchukua humusi shuleni. Wengi wameniomba ruhusa, nami nimewakatalia. Chakula kilichopondwa chenye maji, kikikaa katika joto la Tanga tangu alfajiri hadi mchana ndani ya mfuko wa vitabu, hakifai kuliwa. Katika kivuli, siku isiyo na joto kali, saa mbili ndizo mwisho wake. Siku za Januari na Februari, hata moja ni nyingi. Mwenye friji anaweza kuichukua katika bakuli lenye kifuniko, pamoja na chupa ya maji yaliyoganda, vyote vimefungwa pamoja katika kitambaa kinene, na aile mapumziko ya kwanza barafu ikiwa bado ipo. Wengine wachukue dengu za kukaanga kavu na kipande cha mkate. Na ile iliyobaki nyumbani mchana, kama hapana friji, iliwe na wote jioni hiyo ilipopondwa? Hapana, ipondwe ya kutosha mlo mmoja tu. Dengu zilizobaki katika kikapu, zingali moto, mama aziunge kwa nazi zikawe mboga ya jioni.

Wako walioniuliza juu ya kubadilisha vitu. Mbaazi zafaa kupondwa, na kwa tui la nazi huwa tamu sana, lakini hizo ni mbaazi za nazi tulizozaliwa tukazikuta, haziwi humusi kwa kupondwa. Choroko hugeuka rangi ya majani makavu na hakuna aliyemaliza sahani yake. Karanga badala ya ufuta zafaa, ila zichaguliwe moja moja. Karanga iliyosinyaa, yenye ukungu au uchungu, itupwe, maana kuvu wake hutoa sumu isiyokwisha kwa kukaangwa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na karanga hushikwa na kuvu wa namna hiyo hiyo. Msinunue karanga zilizokwisha kusagwa kwa mtu msiyemjua.

Bei za vitu sikuziandika kwa kuwa hubadilika kila msimu. Hiyo ni kazi ya Kidato cha Pili. Kila mmoja aende sokoni, aandike bei ya kilo moja ya dengu, ya ufuta, na ya ndimu siku hiyo, apige hesabu ya gharama ya mlo wa watu wanne kwa vipimo vilivyo juu, akikumbuka mkaa wa dakika 25. Kisha afanye hesabu ya mlo wa watu wanne hao hao kwa chipsi za barabarani, na kwa nusu kilo ya nyama. Karatasi ziletwe chumba cha walimu kabla ya Ijumaa ya wiki ya pili. Atakayetaka kipimo cha kikapu cha kupikia na amwone kiranja wa jiko, ambaye anacho kimoja cha mfano. Akirudishe bila kukikalia.